Nani Anakujua Eastleigh? Mwongozo kwa Mwenye Duka Jipya

Umelipa kodi ya kibanda, umepata leseni ya kaunti na namba ya till, lakini bado hujaanza biashara Eastleigh. Utaanza siku muuzaji wa jumla pale First Avenue au Jam Street atakapokukabidhi mzigo kabla hujamaliza kuulipia. Mapazia, mashuka, viatu na manukato unayoyaona yamejaa kwenye vibanda vya mtaa huu mengi bado ni deni. Mali imetoka Guangzhou, Dubai au Istanbul, ikaingia kwa mwenye kontena, ikashuka kwa muuzaji wa jumla, ikamfikia mwenye kibanda; pesa nazo hurudi kinyumenyume kwa njia hiyohiyo, pole pole, kadiri wateja wanavyonunua. Anayeingia na pesa taslimu peke yake atauza, ila jirani yake mwenye jina atakuwa na rafu zilizojaa wakati yeye anaachanisha viatu ili duka lisionekane tupu.

Mwongozo huu ni wako wewe unayeachanisha viatu.

Kwa nini mtu asiye na hati alikopeshwa

Eastleigh ilipata jina lake 1921, ikawa mtaa wa Wahindi na Wasomali wa zamani wa Nairobi. Soko tunalolijua leo lilizaliwa baada ya serikali ya Siad Barre kuanguka Mogadishu mwaka 1991 na wakimbizi kumiminika Kenya. Baadhi yao walifikia nyumba ya wageni iliyoitwa Garissa Lodge. Mchana vyumba viligeuka maduka, bidhaa zikitandazwa juu ya vitanda. Usiku watu walilala hapohapo. Baadaye nyumba hiyo ikawa jengo la maduka kamili, na majengo kama Amal Plaza yakafuata. Watu hawa wengi wao hawakuwa na shamba la kuweka rehani, wala akaunti ya benki, wala kitambulisho cha Kenya. Walikopeshana hata hivyo, tena mizigo mikubwa.

Watu wa nje hupenda kusema kwamba Wasomali wanaaminiana kwa sababu ni ndugu. Hiyo ni nusu ya habari, na ni nusu dhaifu. Ndugu hudhulumiana kila siku, Eastleigh kama kwingineko, na wafanyabiashara wa hapa watakwambia waziwazi kwamba binamu ndiye mdaiwa mgumu kuliko wote, maana ukimfuata sana mama zenu wataingilia. Mtu hukopeshwa kwa sababu mbili. Ya kwanza, habari zake zimefika kabla yake: alipokaa, alichouza, nani alimlipa na nani alimkwepa. Ya pili, yuko mtu mwingine atakayeaibika, au atakayetoa pesa mfukoni, huyu akitoroka. Ukoo husaidia kwa kuwa hurahisisha mambo hayo mawili. Lakini yanaweza kupatikana kwa njia nyingine, na hapo ndipo wewe usiye na ukoo mtaani unapopata mlango.

Ushahidi uko kwenye miraa. Kila siku magari hushuka kutoka milima ya Nyambene kule Meru yakiwa na mafurushi yaliyofungwa kwa majani ya mgomba. Mkulima na mfungaji ni Wameru, na wauzaji wengi wa hapa na wasafirishaji wa kwenda Mogadishu ni Wasomali. Miraa hunyauka ndani ya siku mbili hivi, kwa hiyo hakuna muda wa kusubiri wakili aandike mkataba. Watu wa dini mbili na lugha mbili wameendesha biashara hiyo kwa simu na daftari kwa miaka mingi. Neil Carrier, mwanaanthropolojia aliyeanza na utafiti wa miraa kabla ya kuandika kitabu kizima juu ya Eastleigh, Little Mogadishu, anaonyesha jinsi mtaa huu unavyotegemea watu wa makabila mengi kuliko jina hilo, ambalo ndilo jina lake la utani, linavyodokeza. Wakikuyu, Wameru, Wakamba na Waoromo wote wana maduka, mikokoteni na madeni hapa.

Tafuta atakayepokea simu

Siku ya mtihani utaijua. Umesimama kwenye kaunta, umeomba majora manne ya kitambaa cha mapazia, ulipe mawili leo na mawili Alhamisi. Mwenye duka hajibu. Anachukua simu, anaongea Kisomali kwa muda mfupi, macho yake yako mlangoni. Hata kama huijui lugha, utasikia jina la jengo lako likitajwa. Akikata simu atasema, "Chukua mawili, tutaonana," au atamwambia kijana wake akufungie yote manne. Umeamuliwa na mtu ambaye hayupo dukani, na maneno yako matamu hayakuongeza hata mita moja.

Kazi yako ya miezi ya kwanza ni kuhakikisha mtu huyo wa upande wa pili wa simu yupo, na ana la kusema. Usikimbilie wakubwa. Mwenye jengo la ghorofa sita hakujui wala hatakujua. Msimamizi wa jengo anakujua, kwa sababu ndiye anayepokea kodi na anajua nani hulipa tarehe tano na nani hujificha. Jirani wa kibanda anajua saa unayofungua. Wakala wa mizigo anajua kama ulilipia kilo zako au ulibishana. Mama wa chai anajua nani huacha deni la shilingi hamsini likazeeka, na usidhani haulizwi.

Zaidi ya wote mheshimu hamali. Kijana anayevuta mkokoteni kutoka stoo hadi stoo anajua kontena la nani limefika, nani ameanza kuhamisha mali usiku, na duka gani linatafuta mtu wa kuondoa mzigo uliokaa. Mwaka 1973 mwanasosholojia Mmarekani Mark Granovetter aliandika kwamba watu aliowahoji karibu na Boston walipata habari za kazi mpya zaidi kwa watu wanaofahamiana nao juujuu kuliko kwa marafiki wa karibu. Sababu yake ni rahisi: rafiki yako anajua unayoyajua, na mtu wa mbali anatembea kusikotembea wewe. Hamali hutembea kila mahali. Mlipe bei mliyopatana, umlipe palepale mzigo unaposhuka, na usimfanye asubiri hadi uuze. Akipita kwa muuzaji wako wa jumla akaulizwa habari zako, atakuwa na jibu.

Yapo pia mambo madogo ya adabu ambayo mgeni huyapuuza. Mzee wa Kisomali mwite adeer, yaani baba mdogo, na mwanamke wa rika la mama yako mwite habaryar, mama mdogo. Ukishindwa, "mzee" na "mama" yanatosha. "Warya" ni neno la kuitana vijana wenyewe kwa wenyewe, na likitoka kinywani mwa mgeni kumwelekea mwenye ndevu nyeupe, linafunga mlango. Kama wewe ni mwanamume, usimnyooshee mwanamke mkono kabla hajanyoosha wake. Ijumaa adhuhuri maduka mengi hufungwa; usipeleke shida yako saa hiyo. Na kumi la mwisho la Ramadhani si wakati wa kuomba kujuana, maana kila mtu anauza nguo za Idi na hana nafasi ya kukusikiliza.

Deni la kwanza

Usiombe mkopo siku ya kwanza. Chagua maduka mawili au matatu ya jumla, ununue kwa pesa taslimu, mfululizo, ikiwezekana siku ileile ya wiki. Nunua kidogo lakini usikose. Mwenye duka akianza kukuuliza ulikuwa wapi Jumanne iliyopita, tayari una jina.

Hapo omba nusu: lipa sehemu, chukua sehemu. Omba kiasi ambacho ungeweza kukilipa hata kama usingeuza kitu, tuseme mashuka ya elfu kumi na tano. Wengi hufanya kinyume. Wanaomba kikubwa mara ya kwanza kwa sababu nafasi imejitokeza, na wiki moja mbaya inawatia madoa ya miaka. Deni la kwanza kazi yake ni kulipwa. Faida ya mashuka yale ni ya ziada tu.

Lipa siku mliyosema, au siku moja kabla. Na katika miezi ya mwanzo nenda mwenyewe, hata kama pesa unaituma kwa M-Pesa ukiwa umesimama palepale. Ujumbe wa simu unafika kwa karani na kusahaulika. Lakini mwenye duka akifungua daftari lake, akatafuta jina lako na kulipiga mstari mbele yako, amekuona kama mlipaji. Kaa kidogo, uliza bei za mzigo unaokuja, kisha ondoka.

Usilipe deni la duka moja kwa mali ya duka lingine. Mbinu hii inaitwa kuziba shimo kwa kuchimba jingine, na Eastleigh ina mkosi wake maalumu: wauzaji hao wawili huenda wanaswali safu moja. Ukionekana unauza kwa hasara mashuka ya huyu ili umlipe yule, habari itakuwa imevuka barabara kabla ya alasiri.

Siku utakaposhindwa kulipa, na itafika, nenda kabla ya tarehe. Usisubiri kupigiwa. Chukua ulichonacho, hata theluthi, ufike dukani asubuhi kabla wateja hawajajaa, useme bila hadithi ndefu:

"Adeer, tulisema Alhamisi. Nina elfu tano. Zilizobaki naleta Jumatatu."

Usitaje mgonjwa kama hakuna mgonjwa. Watakuuliza hospitali gani, na yupo mtu wao anayefanya kazi pale. Mwenye duka anaweza kununa, anaweza hata kukusema mbele ya watu, lakini Jumatatu ukifika na pesa umejenga zaidi ya yule ambaye hajawahi kuchelewa, kwa kuwa sasa anajua unavyofanya mambo yakikwama. Asiyesamehewa ni aliyezima simu. Mtu akizima simu siku mbili, wanaomdai huanza kuulizana, na wakishaulizana huja wote pamoja.

Andika, na usione haya

Wageni wengi huogopa kuandika. Wanahisi kuomba karatasi ni kumwambia mtu humwamini, hasa mtu mzima aliyekufanyia hisani. Ondoa woga huo. Aya ya 282 ya Sura ya al-Baqara, ambayo husemwa kuwa ndefu kuliko zote katika Kurani, inaagiza deni la muda liandikwe na mashahidi wawepo. Mfanyabiashara Mwislamu anaijua vizuri. Ukitoa kalamu hujamtukana. Umefanya aliloagizwa yeye.

Kinachoandikwa hakihitaji kuwa kirefu. Tarehe, aina ya mali na idadi yake, bei, kilicholipwa, kilichobaki, siku ya kulipa, saini mbili na jina la aliyeshuhudia. Piga picha ya ukurasa huo, uutume kwa WhatsApp kwa upande wa pili palepale, na maneno "Kama tulivyopatana." Malipo yote ya baadaye yapitie M-Pesa au benki, ili siku mkibishana kuwe na kitu cha kusoma.

Kuna jambo moja la kisheria ambalo wenye maduka wachache wanalijua. Mtu akikwambia kwa mdomo, "Mpe mali, akishindwa nitalipa mimi," neno hilo mtaani lina uzito mkubwa, na mahakamani halina kitu. Kifungu cha 3 cha Sheria ya Mikataba ya Kenya, Sura ya 23, kinasema huwezi kumshtaki mtu kwa ahadi ya kulipa deni la mwingine isipokuwa ahadi hiyo iwe imeandikwa na yeye kuitia saini. Kwa hiyo mdhamini naye aandike jina kwenye ukurasa uleule. Akikataa kutia saini, umepata habari muhimu bure.

Ugomvi ukitokea, anza na wazee. Kila jengo lina watu wawili watatu ambao maneno yao hukubaliwa, na suluhu ya msikitini au ya ofisi ya msimamizi humalizika kwa siku chache bila kumfukarisha mtu. Wakishaamua, andika walichoamua. Kisipotekelezwa, ipo Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi Milimani Aprili 2021. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, sheria inataka uamuzi utolewe ndani ya siku 60, na unaweza kujisimamia bila wakili. Kuijua kunatosha mara nyingi: mdaiwa anayejua una ukurasa wenye saini na unajua njia ya Milimani husikiliza wazee kwa makini zaidi. Lakini usiitaje mahakama siku ya kwanza ya ugomvi. Ukishaitaja, hata ambao hawakudai kitu watakuhesabu mtu wa kesi.

Usiwe mtu wa duka moja

Ukishapata muuzaji anayekukopesha vizuri, utashawishika kuchukua kila kitu kwake. Bei ni nzuri, anakujua, hakuna usumbufu. Hapa ndipo maduka mapya mengi huzama bila kosa lao. Yeye akikwama bandarini, wewe umekwama. Akigombana na mshirika wake, utaulizwa uko upande gani.

Mtaa mzima ulionja hilo Aprili 2015. Baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa lililoua watu 148, serikali ilisimamisha kampuni 13 za kutuma pesa, zile za hawala ambazo wengi walizitumia kulipia mizigo Dubai na China. Ziliruhusiwa tena mwezi Juni. Kwa wiki hizo, mwenye njia moja tu ya kutuma pesa alikaa na wateja dukani na mzigo ghalani ng'ambo, akishindwa kuvikutanisha. Mwaka mmoja kabla, katika msako wa polisi ulioitwa Usalama Watch, watu walikamatwa kwa maelfu na wengine kuzuiliwa katika uwanja wa Kasarani. Biashara nyingi zilibaki bila mwenyewe wa kuziendesha.

Kwa hiyo gawanya. Uwe na wauzaji wasiopungua watatu, na angalau mmoja asiwe wa kundi la wale wawili, awe wa kabila lingine au wa Gikomba au Kamukunji huko chini. Uwe na njia mbili za kutuma pesa, mojawapo benki; Gulf African imekuwapo tangu 2008 kwa wasiotaka riba. Na uwe na wateja wa mbali. Mwanamke anayekuja kutoka Kampala au Arusha kila mwezi kununua mashuka hajui ugomvi wa jengo lenu, wala haumhusu. Mpe namba yako, mwekee mali aliyoiomba, na usimpandishie bei kwa sababu basi lake linaondoka saa moja.

Ayuuto na ubia

Chama cha kuchangiana, ambacho Wasomali hukiita ayuuto na huendeshwa zaidi na wanawake, ni njia nzuri ya kupata mtaji bila benki na, la maana zaidi, ya kuonekana ukitoa kila wiki bila kukosa. Mgeni hupewa zamu ya mwisho. Usilalamike. Aliye wa mwisho amewakopesha wote, na msimu unaofuata atasogezwa mbele. Kabla ya kuingia uliza mambo matatu tu: nani anashika pesa na amezishika kwa miaka mingapi, wanachama wangapi wana maduka mtaani hapa, na mara ya mwisho mtu alipokimbia nani alilipa. Kama swali la tatu halina jibu, chama hicho bado hakijapimwa. Ingia kwa kiasi ambacho kikipotea bado utalala usingizi.

Ubia wa mtaji nitausema kwa ufupi kwa sababu unahitaji wakili kuliko ushauri wangu. Wengi hapa hutumia mudaraba: mmoja anatoa pesa, mwingine anatoa kazi, faida wanagawana kwa sehemu waliyopatana, na hasara ya mtaji ni ya mwenye pesa isipokuwa mfanyakazi amezembea au amekiuka masharti. Neno "amezembea" ndilo lenye ugomvi wote. Liandikeni maana yake mapema: je, kukopesha mteja bila kuuliza ni uzembe? Kuacha duka kwa kijana siku tatu? Na gudwili, ile pesa ya kuingilia kibanda, jina la nani liko kwenye stakabadhi yake? Ubia mwingi huvunjikia kwenye stakabadhi hiyo.

Siku utakapoulizwa wewe

Baada ya mwaka au miwili simu italia, na safari hii wewe ndiye wa upande wa pili. Muuzaji wa jumla anauliza: yuko kijana hapa, anasema mnafahamiana, tumpe? Una sekunde chache. Usiseme "ni mtu mzuri", kwa kuwa hakuuliza hilo. Sema unachokijua na uweke kiwango: "Namfahamu mwaka mzima, kodi analipa, mpe hadi elfu ishirini, zaidi ya hapo niulize tena." Kijana akichelewa, mtangulie kwa muuzaji wewe mwenyewe kabla hajakupigia, na kama ulisema utalipa, lipa, kisha mdai kijana polepole. Na kama humjui mtu, sema humjui, hata akiwa ni shemeji yako na mke wako amesimama karibu anakusikiliza.